Nyumba Isiyo na Jehanamu

Katekista wetu aliijua jehanamu kuliko alivyoijua Songea. Mjini alikuwa anapotea. Ukimwelekeza sokoni kwa njia mpya aliibukia stendi, amenuna, akidai mji umehamishwa bila kutangazwa kanisani. Lakini motoni alikuwa mwenyeji. Alijua wazinzi wanakaa upande gani, wezi wa mahindi mabichi wanakaa upande gani, na kwamba wanaochelewa misa kwa sababu ya kusuka nywele wana kona yao karibu na mlango, ili waendelee kusikia kengele ya ibada ambayo hawataingia tena. Alitufundisha hayo Jumamosi mchana, mwezi wa kumi, chini ya bati lisilo na dari, katika kigango chetu pembezoni mwa Bombambili. Sisi watoto wa Kipaimara tuliokaa juu ya matofali, jasho likitutiririka, hatukuwa na sababu ya kubisha. Tuliona safari imeshaanza.

Toharani hakupapenda. Alipataja upesi upesi, kama kondakta anavyotaja kituo ambacho gari halisimami. Nadhani palimkera kwa sababu watu hutoka. Yeye alilipenda neno milele. Alituuliza kama tunaijua barabara ya Mbamba Bay wakati wa masika, na enzi hizo lami ilikuwa haijafika, kwa hiyo tuliijua sote: basi linazama kwenye tope, abiria wanashuka, wanasukuma, wanalala porini, wanakula mihogo ya watu, hatimaye linatoka. Basi hilo, akasema, lizame halafu lisitoke. Na dereva ajue kwamba halitoki. Ndiyo milele. Wiki nzima baada ya somo hilo, mtu akitusalimu "Tumsifu Yesu Kristo," tuliitikia "Milele na milele, amina" kwa sauti ndogo, kama watu wanaokubali kosa polisi.

Jumamosi iliyofuata alihamia kwenye upendo. Alisema Mungu anapenda bila masharti. Hasemi nitakupenda ukifanya hivi, anapenda tu, kama jua linavyowaka juu ya shamba la mkulima na la mvivu. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na mama yangu alishanichapa mara nyingi kwa ajili hiyo bila faida. Nikanyoosha mkono nikauliza kama Mungu anampenda shetani. Akasema anampenda, maana ni kiumbe chake.

"Sasa kwa nini amemchoma?"

Katekista alitazama nje, ambako jua lilikuwa linapasua mawe, akasema, "Kaeni sawa, mvua inakuja." Somo likaishia hapo.

Nisimwonee. Mtu huyo alikuwa na vitu vingi ambavyo havikukaa pamoja, na yeye mwenyewe hakuonekana kuhangaika kuvipanga. Alivaa koti la sufu la kijivu masika na kiangazi. Mfukoni mwa koti hilo mlikuwa na rozari na mapera, na mara kadhaa niliona akitoa pera akidhani ni rozari. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimama kwa kuburuza kandambili chini, na mteremko wa kwenda mtoni ulimla kandambili nyingi. Alikuwa mkali kwa maneno tu. Alitwambia kwamba njia ya mbinguni ni nyembamba na wengi wetu hatutaiona, lakini padri alipokuja kututahini kabla ya Kipaimara, Katekista alisimama nyuma yake akitutamkia majibu kwa midomo bila sauti. Pale tuliposhindwa kusoma midomo, alikohoa ili padri ageuke na wenzetu watunong'oneze. Hakuna mtoto aliyewahi kufeli mkononi mwake, hata yule binamu yangu aliyesema mitume walikuwa saba, pamoja na dereva.

Halafu kulikuwa na Jumamosi jioni. Akitoka kutufundisha alipita kwa bibi yangu, mtaa wa Mshangano, ambako tulikuwa tunaishi. Bibi alipika pombe ya komoni, na komoni yake ilikuwa na sifa mpaka Mpitimbi. Katekista alikaa kwenye kigoda kile kile, akavua koti, akanywa taratibu kama mtu anayesoma. Bibi hakuwa na ndoa ya kanisani. Aliishi na mzee wa Kiyao kutoka Namtumbo, Mwislamu mpole aliyeuza tumbaku, ambaye sisi tulimwita Babu. Kwa sheria za kigango alikuwa anaishi dhambini, na komunyo alikuwa amesahau ladha yake. Katekista alijua hayo yote, na alijua pia pipa lipi limeiva.

Sasa nimlete kijana wake, maana bila yeye hadithi hii ni ya mzee mmoja mwenye vituko tu.

Oswini alikuwa mtoto pekee wa Katekista aliyebaki nyumbani, na alibaki kwa sababu hakuna mahali pengine palipomtaka. Alikuwa mlevi wa kupindukia na mwizi asiye na kipaji. Aliiba kuku wa jirani, halafu akampeleka sokoni kumuuzia jirani huyo huyo. Aliuza sufuria za mama yake moja baada ya nyingine. Mwisho akaiba kengele ya kigango. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi na kugongwa kwa nondo, na Oswini aliibeba mchana kweupe, begani, akisalimia watu njiani, mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Wazee wa kanisa walitaka apelekwe polisi. Katekista aliwaomba wangoje. Akaenda kwa mnunuzi na jogoo wake mkubwa mwekundu chini ya kwapa, akarudi na rimu bila jogoo. Jumapili ikaning'inia tena mahali pake. Siku hiyo Katekista ndiye aliyeongoza ibada, kwa kuwa padri alikuwa vigango vingine, na alihubiri juu ya wezi wa mali ya Mungu mpaka watoto wadogo wakaanza kulia. Alieleza wanachomwa kuanzia vidoleni. Baada ya ibada akaenda nyumbani, akakuta Oswini ameamka, akamsogezea ugali na mboga ya likolo aliokuwa amemfunikia tangu asubuhi.

Wazee hawakukubali. Mwenyekiti wa kigango, mtu mkavu aliyekuwa karani wa ushirika, alimfuata kwa Bibi Jumamosi iliyofuata na kumwuliza mbele ya watu: unawezaje kutuambia mwizi ataungua milele, halafu mwizi huyo huyo unamlisha?

Katekista alijibu, "Nyumba yangu haina jehanamu. Ina jiko na vyumba viwili."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti akacheka kidogo kwa shida. Lakini Bibi, aliyekuwa ameinama kwenye pipa, hakucheka. Aliinua kata, akamtazama.

"Kwa hiyo wewe ni mwema kuliko Mungu?"

Nilikuwepo, nimekaa karibu na moto nikichambua maharage, na ninaukumbuka uso wake. Haukukasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akanywa kilichobaki kwenye kikombe chake, akakinyoosha, akasema, "Ongeza." Bibi akaongeza. Hakuna aliyelisema tena jambo hilo, na Jumamosi zikaendelea.

Miaka ilipita. Niliolewa, nikahamia Bombambili, nikaanza kufundisha shule ya msingi, ambako sasa ni mimi ninayewaambia watoto kwamba mvua inakuja. Bibi alizeeka, akaacha kupika, akaanza kuumwa, akafa mwezi wa mavuno. Mama alituma mtu kwa Katekista kabla hata hajatuma kwa ndugu.

Kila Mkatoliki wa Songea anaijua sheria, na aliyeisahau hukumbushwa msibani. Asiyehudhuria jumuiya, asiyepokea sakramenti, anayeishi na mtu bila ndoa, hazikwi na Kanisa. Watu watakuja, watalia, watakula, lakini msalaba na maji ya baraka vitabaki kigangoni. Katekista ndiye aliyekuwa mlinzi wa sheria hiyo kwetu, na hakuwahi kuipindisha. Aliwakatalia wengi. Alimkatalia fundi baiskeli aliyekuwa na wake wawili, na mama mmoja aliyeondoka kwenda kwa walokole kisha akarudi akiwa amechelewa, na kijana aliyejinyonga.

Alikuja kwa Bibi siku ile ile. Akavua kofia mlangoni, akalia bila kujificha, akakataa hata chai. Halafu akamwambia mama kwamba sala za Kanisa haziwezekani. Mama alimkumbusha ni nani aliyekunywa komoni ya marehemu kila Jumamosi. Akasema anakumbuka. Mama akamwuliza kama sheria hiyo inatoka kwa huyo Mungu wa upendo bila masharti aliyetufundisha sisi watoto.

"Sheria si yangu, mama," alisema. "Ingekuwa yangu ningeivunja."

Kesho yake alifika mapema na jembe. Alichimba kaburi pamoja na vijana, akakataa kupokewa, akachimba mpaka mikono ikamchubuka. Lakini jeneza lilipoteremshwa alirudi nyuma, akaweka mikono mgongoni, akanyamaza. Watu wazima tukatazamana kama wanafunzi waliokosa mwalimu. Mwisho Babu, yule Mwislamu, aliinua viganja vyake akamsomea mkewe dua. Wakatoliki wote tulisema "Amina," na nakuambia kweli, haijawahi kusemwa kwa nguvu namna ile kigangoni kwetu.

Tangu siku hiyo mama hakuiitikia salamu yake. Katekista akimwambia "Tumsifu Yesu Kristo," mama alijibu, "Nzuri tu."

Mwaka juzi Oswini akafa. Aliazima bodaboda ya rafiki akiwa amelewa, akaivaa kona ya barabara ya Namtumbo mchana wa jua kali, bila gari mbele wala nyuma. Umri wake ulikuwa unaelekea hamsini. Hakuwa ameingia kanisani tangu siku alipoibeba kengele.

Padri wetu wa sasa ni kijana, mtu wa simu na tabasamu. Alimpigia Katekista mwenyewe, akamwambia kwamba kwa utumishi wake wa miaka yote ile, atakuja kumzika Oswini kwa misa kamili, na kwamba ameshaongea na wanaohusika. Jumuiya nayo ilikuwa imekubali. Walishaandika kwenye kundi lao la WhatsApp, mtu kwa mtu, pamoja na vile vipicha vya viganja vilivyofumbatwa. Kila mtu alitegemea azike mwanawe kwa heshima.

Katekista alikataa. Alimshukuru padri, akamwambia kwamba wengine aliwaambia sheria si yake, na haiwezi kuwa yake leo kwa sababu maiti ni ya kwake. Padri alibembeleza. Mke wa Katekista alimpigia magoti mumewe mbele ya wageni. Hakugeuka. Nilidhani ni kiburi. Mama, aliyekuja msibani kwa ajili ya mke wa Katekista tu, alikaa kwenye mkeka akimtazama, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi sikuweza kusoma anafikiri nini.

Basi Oswini akazikwa kama Bibi alivyozikwa, ila huyu hakuwa hata na Mwislamu wa kumwombea. Udongo uliporudishwa wote, watu wakaanza kugeuka waondoke. Ndipo Katekista alipopiga hatua mbele, koti lake la kijivu likiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kola. Hakuinama. Alitazama juu, akaongea kwa sauti ya mtu anayemwita jirani kutoka upande wa pili wa bonde.

"Bwana, huyu nimempenda akiwa mwizi. Nimempenda akiwa mlevi, na siku aliyonitukana mbele ya mama yake. Sijawahi kumfungia mlango. Usije ukaniambia mimi nimekuzidi."

Mwenyekiti mstaafu alijaribu kumvuta mkono. Mama yangu alijifunika mdomo kwa khanga. Vijana walikuwa wameshatoa simu, na kabla hatujanawa mikono maneno yale yalikuwa yamefika Mbinga.

Halmashauri ya kigango ilimwita. Walimwambia ametoa kashfa hadharani na wakamtaka ayaondoe maneno yake. Inasemekana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akawajibu kwamba yeye alikuwa anaongea na Mungu, wao walikuwa wanasikiliza tu, na kwamba huyo aliyeambiwa bado hajalalamika. Wakampumzisha ukatekista. Padri kijana alijaribu kumtetea, akashindwa, na nasikia alikwenda kwake baadaye wakanywa chai wawili bila kuzungumza sana.

Tulitegemea atakaa nyumbani azeeke. Badala yake alipanda baiskeli. Habari zilianza kutufikia vipande vipande: ameonekana Mpitimbi, kwenye kaburi la yule mama aliyetoka kwa walokole. Ameonekana kwa wazazi wa kijana aliyejinyonga, amepiga magoti peke yake, na baba mtu amesimama mbali na fimbo, hajui aitumie au la. Alikuwa anawafuata aliowakatalia. Anagonga, anaomba ruhusa kwa wenye kaburi, anasali sala zote za maziko tangu mwanzo, kama vile marehemu amekufa jana. Hakuwa na kibali cha mtu yeyote. Sehemu nyingine walimkaribisha. Kwa watoto wa fundi baiskeli walimfungulia mbwa.

Kwetu alifika mwaka huu, mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekolea. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mama kuanika mahindi. Tulimwona akisukuma baiskeli kupanda njia, amekonda, koti limembeba yeye badala ya yeye kulibeba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta. Akamwomba mama amwonyeshe kaburi la Bibi.

"Unalijua," mama alisema. "Ulilichimba."

"Nilichimba. Sikumaliza."

Mama aliendelea kutandaza mahindi kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akamkabidhi. Alimwambia majani yamejaa, na yeye haamini kama kuna sala inayopita kwenye majani. Niliinuka nikamsaidie mzee wa watu. Mama akanitazama, nikakaa.

Alipalilia peke yake. Alisimama mara nyingi kushika kiuno, na mara nyingi nilidhani ataacha. Alipomaliza aliomba maji. Maji ya baraka hakuwa nayo, na asingepewa hata angeomba, kwa hiyo mama alimletea ya kisima kwenye jagi la plastiki. Akavua kofia, akasali. Hakuruka kitu. Sauti yake ile ya kutisha watoto ilikuwa imebaki nyembamba, na alipofika pale panapotajwa jina la marehemu alilitaja jina la Bibi la ubatizo, jina ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Mama alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Hakuitikia. Ilipofika "raha ya milele umpe ee Bwana," niliitikia mimi peke yangu, na nilipomaliza niliona kwamba mama analia, mdomo umefungwa kabisa.

Akajifuta. Akamwuliza, "Sasa unasema yuko wapi?"

"Sijui, mama," alisema Katekista. "Zamani nilikuwa najua."

Mama alilipima jibu hilo kama anayepima kitambaa. Kisha akasema, "Afadhali," akamwambia akanawe, chakula kiko tayari.

Alikula vizuri. Baada ya chakula nilimsindikiza, mimi nikisukuma baiskeli, yeye akitembea kando yangu. Nilikuwa na umri wa kutosha sasa kuuliza bila kuchapwa. Nikamwuliza kama ule moto bado upo.

"Upo," alisema. "Maandiko yamesema, mimi ni nani nikaufute? Ila kila asubuhi naomba usiwe na mtu ndani."

"Na kama una mtu?"

Bodaboda ikapita na kutuachia vumbi, akalingoja litulie.

"Oswini akiwa hajarudi, mama yake alikuwa analala," alisema. "Mimi nilikuwa silali. Nilikuwa nasikiliza mlango mpaka kukuche. Kama kule kuna mtu hata mmoja, basi na Mungu halali."

Akapokea baiskeli yake, akaniaga, akaniambia nimsalimie mume wangu, akapanda, akaanza kuteremka. Halafu akaburuza kandambili, akasimama, akanigeukia. Alisema kwamba upande wa miguuni mwa kaburi hakuupalilia, una siafu, na akaniomba nisimwambie mama mpaka yeye awe amefika barabara kubwa.